Daktari anayesoma picha kutoka mbali anahitaji kujua nini kuhusu mgonjwa

Tarehe 26 Machi 2025, kanuni ya Umoja wa Ulaya inayoanzisha eneo la pamoja la taarifa za afya ilianza kuwa na nguvu ya kisheria. Utekelezaji wake unakwenda kwa awamu. Muhtasari wa hali ya mgonjwa na maagizo ya dawa vinatakiwa kuanza kubadilishwa kati ya nchi wanachama mwezi Machi 2029, na picha za kitabibu pamoja na ripoti zake, majibu ya maabara na taarifa za kuruhusiwa kutoka hospitalini vinafuata mwezi Machi 2031. Hatua ya namna hii, popote inapochukuliwa, huibua hofu moja: kwamba madaktari wasioonana kamwe na mgonjwa, hasa wale wanaosoma picha za CT, MRI na eksirei wakiwa katika mji au nchi nyingine, wanafunguliwa jalada la mtu asiyewajua wala hajawahi kusikia majina yao. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa mahali pasipo pake. Kumnyima mtaalamu wa radiolojia taarifa za mgonjwa hakulindi faragha kwa kiasi kinachodhaniwa, kunapunguza usahihi wa jibu analotoa, na kunatusahaulisha maswali yaliyo mazito zaidi, yaani aone taarifa zipi, kwa sababu gani, na nani atajua kwamba ameziona.

Upungufu wa taarifa katika radiolojia ya mbali haukuamuliwa na mtu yeyote kwa nia ya kulinda siri za wagonjwa. Kwa miongo mingi baada ya Wilhelm Röntgen kugundua miale ya eksirei mwezi Novemba 1895, picha ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Daktari mwenye mgonjwa alishuka hadi chumba cha picha, akasimama na mwenzake mbele ya taa ya kusomea, na mazungumzo yao ndiyo yaliyobeba historia ya ugonjwa. Picha zilipoanza kuwa za kidijitali, chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme viliunda kamati ya pamoja mwaka 1983. Kiwango chao cha kwanza cha kuhifadhi na kusafirisha picha kilitoka mwaka 1985, na toleo la mwaka 1993 ndilo lililopata jina la DICOM linalotumika hadi leo. Taarifa nyingine za mgonjwa, kama majibu ya maabara na maelezo ya kulazwa, zilipata kiwango chao tofauti, HL7, kilichoanza mwaka 1987. Kwa hiyo picha na historia ya mgonjwa vilijengewa njia mbili, na mara nyingi na makampuni mawili yasiyoelewana. Picha iliweza kuvuka bahari kwa dakika chache huku jalada likibaki ndani ya mfumo wa hospitali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hospitali za Marekani zilipoanza kupeleka picha zao za usiku kwa wataalamu waliokuwa Australia, ambako ni mchana, kilichosafiri kilikuwa picha, jina, umri na mstari mmoja au miwili ya sababu ya kipimo. Kwa kazi ya wakati huo hilo lilivumilika, kwa sababu ripoti ya usiku ilikuwa ya awali na mtaalamu wa hospitali aliisoma upya picha hiyo asubuhi. Baadaye ripoti za mbali zikawa ndizo ripoti za mwisho, lakini mstari ule mmoja haukuongezeka. Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaioni. Mtaalamu anayesomea nyumbani kwa niaba ya hospitali yake mwenyewe, kama walivyofanya wengi tangu janga la mwaka 2020, kwa kawaida huliona jalada lote. Anayesoma chini ya mkataba wa kampuni inayohudumia hospitali nyingi huishia kuona fomu ya maombi tu. Wote wawili wako mbali na mgonjwa. Kinachowatofautisha ni mkataba na mpangilio wa mifumo ya kompyuta, jambo linaloonyesha kwamba umbali wenyewe haujawahi kuwa sababu ya kumficha daktari chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa kutetea hali hii ni kwamba picha inajieleza yenyewe, na kwamba mtaalamu mzuri hahitaji kuambiwa kitu. Eksirei ya kifua inaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Kwa mtu aliyefika na maumivu makali ya ghafla ya tumbo, hewa hiyo inaashiria kwamba utumbo au mfuko wa chakula umetoboka, na daktari wa upasuaji anapaswa kuitwa saa hiyo hiyo. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku mbili zilizopita, hewa ile ile inatarajiwa na mwili utaifyonza wenyewe. Picha ni moja, lakini majibu ni mawili yanayopingana, na kinachoamua lipi ni sahihi hakimo ndani ya picha. Hali ni ngumu zaidi kwa ukungu uliotapakaa katika mapafu yote mawili kwenye CT. Unaweza kutokana na moyo ulioshindwa kusukuma damu, maambukizi ya virusi, madhara ya dawa kama amiodaroni au methotreksati, damu iliyovuja ndani ya mapafu, au nimonia ya fangasi inayowashambulia watu ambao kinga yao imeshuka sana. Msomaji asiyejua dawa anazotumia mgonjwa wala hali ya kinga yake hana njia ya uaminifu isipokuwa kuorodhesha yote. Ripoti inayotaja uwezekano mitano na kumalizia kwa kushauri kwamba majibu yalinganishwe na hali ya mgonjwa humrudishia daktari swali lile lile alilouliza, pengine saa kadhaa baadaye.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2002 jarida moja la radiolojia la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu CT ya kichwa isiyotumia dawa ya kuongeza mwonekano, kwa wagonjwa wenye kiharusi cha mapema. Wasomaji wasioambiwa kwamba kiharusi kinashukiwa walikitambua kwa asilimia 38 ya wagonjwa waliokuwa nacho. Walipoambiwa walikitambua kwa asilimia 52, na idadi ya waliodhaniwa kimakosa kuwa nacho haikuongezeka kwa kiwango cha maana. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani yalifikia mwelekeo ule ule kwa vipimo kwa ujumla: taarifa za kitabibu huongeza uwezo wa kugundua ugonjwa bila kuleta hasara kubwa upande wa kuwatambua wasio nao. Katika kiharusi, ambako dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, pengo la asilimia 14 linahusu watu watakaotembea tena na watakaobaki kitandani. Sioni namna ya kumtazama mgonjwa wa aina hiyo na kumwambia kwamba habari ya upande wa mwili wake uliolegea ilifichwa msomaji kwa ajili ya usalama wake.

Kisha kuna picha za zamani, ambazo kwa maoni yangu ndizo taarifa zenye thamani kubwa kuliko zote na ndizo zinazokosekana kwa sababu zisizo na utetezi. Kijiuvimbe kigumu kwenye pafu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani. Kijiuvimbe cha ukubwa ule ule kisicho na picha ya kulinganisha kitamfanya mgonjwa arudi kwa CT nyingine baada ya miezi kadhaa, na kwa baadhi yao kwa sindano ya kuchukua kipande cha pafu. Kila kipimo cha ziada kina mionzi, gharama, na miezi ya mtu kulala akiwaza saratani asiyokuwa nayo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 kuhusu kinga dhidi ya mionzi tayari yanawataka daktari anayeomba kipimo na mtaalamu anayekisimamia watafute, kadiri inavyowezekana, taarifa za vipimo vya awali na rekodi zinazohusika ili kuepusha mionzi isiyo ya lazima. Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Radiolojia cha Uingereza nacho, katika viwango vyake vya radiolojia ya mbali vya mwaka 2016, kinataka msomaji wa mbali apate picha na ripoti za awali. Pale taarifa hizo zisipofika, sheria na viwango vya taaluma vinavunjwa, hata kama hakuna anayeliita jambo hilo kwa jina hilo.

Hoja ya upendeleo wa akili ina uzito zaidi, na madaktari wenyewe ndio wanaoitoa. Aliyeambiwa kwamba mgonjwa ana nimonia huelekea kuiona nimonia, na ripoti ya zamani iliyokosea inaweza kurithiwa na ripoti tatu zinazofuata bila mtu kuichunguza upya. Utafiti wa mwaka 2014 uliochambua makosa 1,269 ya usomaji wa picha ulionyesha kwamba takriban asilimia 42 yalikuwa ya msomaji kutokuiona kabisa kasoro iliyokuwepo, huku makosa yaliyohusishwa na historia pungufu au isiyo sahihi yakiwa sehemu ndogo tu. Mtu anaweza kusema kwamba tatizo ni macho yaliyochoka, na kwamba kuongeza karatasi za kusoma kutayachosha zaidi. Ninaikubali nusu ya hoja hiyo. Takwimu zinazogawa makosa kwa sababu moja moja zina mipaka, kwa kuwa jicho hutafuta pale linapokuwa na sababu ya kutafuta, na kitu kilichopitwa mara nyingi kilipitwa na msomaji ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa anaumia upande huo. Hata hivyo hatari ya kurithi makosa ni ya kweli, na dawa yake inajulikana. Msomaji anaweza kupitia picha kwanza na kuandika alichokiona, kisha afungue historia na ripoti za nyuma, halafu arudi kwenye picha mara ya pili akiwa na swali mahususi. Wapo wataalamu wanaofanya kazi kwa mpangilio huo kwa hiari yao. Programu ya kusomea picha inaweza kuujenga ndani yake, lakini haiwezi kufanya hivyo ikiwa historia haipo kabisa.

Tukija kwenye faragha, inafaa kuangalia taarifa za radiolojia zimevuja wapi hasa. Mwezi Septemba 2019 kampuni ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, Greenbone Networks, ilitangaza kwamba ilikuta seva 590 za kuhifadhi picha za kitabibu zikiwa wazi kwenye intaneti katika nchi 52, zikiwa na rekodi zaidi ya milioni 24 za wagonjwa. Nyingi hazikuhitaji hata nywila. Hakuna daktari wa mbali aliyehitajika ili siri hizo zitoke, kwa kuwa yeyote aliyejua anwani ya seva angeweza kuzifungua. Mwaka huo huo watafiti wa Mayo Clinic walieleza katika The New England Journal of Medicine jinsi programu ya kawaida ya kutambua sura ilivyoweza kuoanisha MRI za kichwa na picha za nyuso za watu waliojitolea, na kupata jibu sahihi kwa watu 70 kati ya 84. Kufuta jina kwenye picha ya kichwa basi hakumfanyi mgonjwa asijulikane. Kufuta historia ya ugonjwa kunasaidia kidogo zaidi, na hasara yake kwa msomaji ni kubwa. Ulinzi unaohitajika uko kwenye seva zilizofungwa vizuri, usimbaji wa taarifa zinaposafiri, na akaunti zisizotumiwa na watu watatu kwa nywila moja.

Hata hivyo itakuwa si haki kuwacheka wanaoogopa. Kila daktari anayepewa akaunti ni mlango mmoja zaidi, na kampuni yenye wasomaji mamia ina milango mamia. Kuna jalada la mtu maarufu, kuna jalada la jirani au la mwenza wa zamani, na kuna taarifa ambazo zikitoka haziwezi kurudishwa: VVU, matibabu ya akili, ujauzito uliotoka, ukatili wa nyumbani. Anayesoma MRI ya goti hana haja ya maelezo ya mtaalamu wa saikolojia, na hakuna hoja ya kitaaluma inayoweza kumpa haja hiyo. Sheria zilizopo zinalielewa jambo hili vizuri kuliko zinavyotajwa katika mabishano. Nchini Marekani kanuni ya kutoa taarifa chache kadiri inavyowezekana, iliyo chini ya HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za afya, haihusu taarifa zinazotolewa kwa mhudumu wa afya kwa ajili ya matibabu, ingawa hutajwa mara kwa mara kana kwamba inamzuia mtaalamu wa radiolojia. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inataka taarifa zisizidi kinachohitajika, lakini inataka pia zitoshe kwa kazi iliyokusudiwa. Hospitali inayotuma mstari mmoja kwa daktari anayetakiwa kugundua saratani haijatimiza sharti hilo la pili.

Ipo sababu nyingine ya mambo kubaki yalivyo, nayo husemwa kwa sauti ya chini hata miongoni mwa madaktari. Si wote wanaotaka kuliona jalada. Wasomaji wengi wa mbali hulipwa kwa idadi ya picha, na kila dakika inayotumika kufungua historia ni dakika isiyolipwa. Kuna pia woga wa mahakama, kwa sababu daktari aliyekuwa na uwezo wa kuona ripoti fulani na hakuifungua ataulizwa kwa nini, ilhali asiyekuwa na uwezo huo ana jibu tayari. Siwalaumu kwa kuufikiria woga huo, kwani wanafanya kazi ndani ya mikataba ambayo hawakuiandika. Lakini tunaposikia kwamba wataalamu wa radiolojia wameridhika na fomu fupi, ni vyema kuuliza kama wameridhika kama matabibu au kama watu waliobanwa na malipo ya kila picha. Mkataba unaotaka usahihi wa ripoti za mwisho huku ukilipa kasi ya ripoti za awali una kasoro, na mgonjwa ndiye anayeibeba.

Kwa upande wa pili, madai kwamba msomaji apewe jalada zima bila mipaka nayo hayajafikiriwa vya kutosha. Jalada la mgonjwa wa muda mrefu limejaa kurasa zilizonakiliwa kutoka siku hadi siku, na taarifa inayohitajika mara nyingi imo kichwani mwa daktari aliyemgusa mgonjwa asubuhi hiyo, wala haijaandikwa popote. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya kifua" bila kusema yalianza lini, upande gani, na daktari anashuku nini, haiwezi kuokolewa na mfumo wowote wa kompyuta. Msomaji anahitaji swali lililoandikwa vizuri, picha na ripoti za nyuma, orodha ya upasuaji na saratani alizopata mgonjwa, hali ya kinga yake, dawa zake, utendaji wa figo na mzio pale dawa ya kuongeza mwonekano inapohusika, pamoja na majibu ya maabara yanayogusa swali lenyewe. Zaidi ya hapo anahitaji namba ya simu inayopokelewa. Akitaka kwenda mbali zaidi ndani ya jalada, aruhusiwe baada ya kuandika sababu, na mgonjwa aweze kuona nani alifungua nini na lini, haki ambayo kanuni mpya ya Ulaya inaitambua. Programu za akili bandia zinazofupisha jalada zinaweza kuandaa mkusanyo huo kwa haraka, mradi kila sentensi zinayoandika imwezeshe msomaji kufika kwenye chanzo chake. Muhtasari uliokosea kuhusu saratani ya zamani ni mbaya kuliko kukosa muhtasari, kwa sababu unaaminika.

Kanuni hiyo ya Ulaya ina kipengele kimoja ambacho hakijadiliwi inavyostahili. Mgonjwa ana haki ya kuzuia wahudumu wa afya wasione sehemu ya taarifa zake au zote, anapaswa kuelezwa kwamba kufanya hivyo kunaweza kuathiri huduma anayopata, na mhudumu haonyeshwi kwamba kuna kizuizi. Ninaiunga mkono haki hiyo, kwa kuwa bila kufichwa kwa kizuizi chenyewe mgonjwa angeweza kushinikizwa akiondoe. Matokeo yake kwa radiolojia ya mbali, hata hivyo, ni kwamba ukimya wa jalada hautakuwa ushahidi wa kitu chochote. Kutoona upasuaji hakutamaanisha kwamba haukufanyika, na kukosa picha ya zamani hakutamaanisha kwamba haikupigwa. Ndiyo maana kila ripoti inayoandikwa kutoka mbali inapaswa kutaja, katika mistari yake ya mwanzo, msomaji alikuwa na nini mbele yake: picha zipi za nyuma na za tarehe gani, historia ipi, majibu yapi ya maabara, na nini alikitafuta akakikosa. Mistari hiyo ingemwezesha daktari mwenye mgonjwa kupima uzito wa jibu kabla ya kuanza matibabu, ingempa msomaji kinga ya haki pale anapodaiwa kupuuza kitu ambacho hakikumfikia, na ingewapa wasimamizi wa hospitali rekodi ya mara ngapi ripoti za mwisho zinaandikwa na watu walioonyeshwa picha peke yake.